Maneno ya seva ya RP: kila unaposikia jipya, uliza linaishi upande gani

Msomaji mmoja anayecheza RP, yaani roleplay, mchezo wa kuigiza mhusika, ameniandikia hivi: "Nimecheza RP kwenye FiveM kwa miaka miwili, na mwezi uliopita nimefanywa msimamizi kwenye seva ambayo jioni huwa na watu wapatao sitini. Kucheza najua. Ila nikiingia kwenye chumba cha wasimamizi nasikia watu wanasema risosi hii inakula milisekunde tatu, usiamini kinachotoka kwa klayenti, MLO mbili zinagongana, yule apewe CK, huyu alifanya kombati-logi. Mimi naitikia tu. Naomba unieleze maneno haya kama unavyomweleza mtu asiyeandika programu lakini anatakiwa kutoa maamuzi."

Ndugu yangu, umefanya vema kuuliza mapema. Msimamizi anayeitikia asichokielewa hatimaye humfungia mtu asiye na kosa, au huzima risosi ambayo nusu ya seva inaitegemea. Sitakupa orodha ya herufi moja moja. Orodha za namna hiyo zipo tele, na hazimfai mtu aliye katikati ya zogo huku wachezaji wanne wanamwandikia kwa wakati mmoja. Nitakupa swali la kuuliza kila neno jipya linapokujia: jambo hili linaishi upande gani? Maneno mengi ya kazi hii yamezaliwa mpakani. Upo mpaka kati ya kompyuta ya mchezaji na seva, na upo mpaka kati ya mchezaji na mhusika anayemchezesha. Makosa mengi niliyoyaona, ya waandika skripti (programu ndogo zinazoendesha mambo ya seva) na ya wachezaji, yalikuwa ya mtu kuvusha kitu mpakani bila ruhusa.

Tuanze na vyombo vyenyewe. FiveM ni jukwaa linalowawezesha watu kuendesha seva zao za Grand Theft Auto V zenye modi, yaani mabadiliko ya mchezo, nje kabisa ya GTA Online. RedM inafanya kazi hiyohiyo kwa Red Dead Redemption 2. Yote mawili yanatoka kwa timu ya Cfx.re, ambayo Rockstar Games, watengenezaji wa michezo hiyo, ilitangaza tarehe 11 Agosti 2023 kwamba imejiunga nayo. Programu unayofungua wewe ili ucheze ndiyo klayenti. Inayokaa kwenye mashine ya seva inaitwa FXServer, na matoleo yake watu huyaita artifakti. Kwa hiyo ukisikia "tusasishe artifakti", wanazungumzia FXServer yenyewe, hawajagusa skripti zenu. Ndani ya artifakti mnapata pia txAdmin, yaani ukurasa wa kusimamia seva kupitia kivinjari: kuwasha na kuzima, kupanga muda wa kuanza upya, kutoa onyo, kufungia mtu. Kwa kawaida txAdmin husikiliza kwenye mlango (port) wa 40120, na wachezaji huingilia mlango wa 30120. Namba hizi mbili zishike. Siku wachezaji watakapolia kwamba seva imekufa, fungua txAdmin kwanza. Ikifunguka, mashine ni hai, na tatizo lipo kwenye mchezo au kwenye njia ya 30120.

Faili linaloitwa server.cfg ndilo FXServer inalolisoma inapoamka: jina la seva, idadi ya sloti, yaani nafasi za wachezaji, na orodha ya risosi za kuwashwa. Humo pia hukaa ufunguo wa leseni ya seva na, mara nyingi, nenosiri la hifadhidata. Mtu yeyote akikuomba "nitumie cfg yako nikusaidie", hata akiwa rafiki, ondoa kwanza mistari hiyo. Nimeona seva iliyochukuliwa hifadhidata yake yote kwa sababu ya picha moja ya skrini.

Risosi ni folda moja yenye kazi moja: benki, karakana ya magari, simu, mfumo wa jela. Kinachoifanya folda iwe risosi ni faili la fxmanifest.lua, ambalo ni kama kitambulisho chake. Ndani yake imeandikwa skripti zipi zinakwenda kwa klayenti, zipi zinabaki kwa seva, zipi ni za pande zote mbili, na risosi hii inategemea zipi nyingine. Amri ya kuiwasha ni ensure: kama imezimwa itawaka, kama inawaka itaanza upya. Refresh haiwashi chochote, inaiambia seva iangalie tena folda kuona kama kuna kilichoongezwa. Mpangilio wa mistari una maana. Hifadhidata na fremuweki (msingi wa risosi zote, nitaieleza chini) hutangulia, zinazozitegemea hufuata. Risosi ikilalamika kwenye konsoli, yaani dirisha la maandishi ya seva, kwamba fulani haipo, na wewe unaiona folda yake kwa macho yako, angalia kama imetajwa chini badala ya juu. Nusu ya "seva imeharibika" za wasimamizi wapya ni hilo tu. Na neno la tahadhari: usiianzishe upya fremuweki watu wakiwa ndani. Risosi ndogo hewala, lakini fremuweki ndiyo inayomkumbuka kila mchezaji aliyeingia, na ukiikata ghafla unaweza kupoteza kumbukumbu ambazo hazijahifadhiwa.

Sasa mpaka wa kwanza. Hapa nitakaa kidogo.

Klayenti inaonyesha, inasikiliza vitufe, inachora ramani na menyu. Menyu hizo, kwa njia, ni NUI: kurasa za wavuti zilizowekwa juu ya mchezo, ndiyo maana simu ya mhusika wako inafanana na tovuti. Seva inatunza ukweli: nani ana pesa ngapi, nani ni askari, gari la nani limeegeshwa wapi. Pande hizi mbili huzungumza kwa matukio. Klayenti inatuma tukio kwenda seva, seva inatuma tukio kwenda klayenti. Kitu cha kukumbuka ni kwamba klayenti ipo mikononi mwa mchezaji, kwenye kompyuta yake, na anaweza kuifanya iseme lolote.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa nikisaidia seva ndogo yenye kazi ya kupeleka mizigo. Dereva akifika mwisho wa safari, klayenti yake ilituma tukio lenye kiasi: mlipe mtu huyu 450. Seva ikalipa. Miezi ikapita bila shida. Kisha akaja mchezaji mwenye eksekyuta, programu ya kudunga msimbo ndani ya klayenti, akatuma tukio lilelile bila hata kuingia kwenye lori, na kiasi akakiandika mwenyewe. Tulipoamka asubuhi alikuwa ameshagawa mamilioni. Waliopokea wengine hawakujua pesa zilikotoka, wakanunua nyumba na magari, wakauziana. Hakukuwa na namna ya kuzitenganisha tena fedha halali na haramu. Ikabidi tufanye waipu, yaani kufuta kila kitu na wote kuanza upya, na watu waliokuwa wamejenga wahusika wao kwa miezi wakaondoka. Siwalaumu.

Ndiyo maana unasikia "usiamini kinachotoka kwa klayenti". Skripti iliyoandikwa vizuri inafanya hivi: klayenti inasema tu "nimefika". Seva inajiuliza yenyewe kama mtu huyu ana kazi hiyo, alianza safari lini, yuko karibu na mahali pa kushushia au yuko upande wa pili wa ramani, na malipo ni kiasi gani kwa mujibu wa faili lililo kwa seva. Mkiletewa risosi mpya, hata wewe usiyeandika msimbo unaweza kumwuliza mwandishi swali moja: kiasi cha malipo kinaamuliwa wapi? Akisita, msiiwashe.

Kutokana na mpaka huohuo unaelewa maneno mengine matatu. Kudampu ni kuchota skripti zote za klayenti na kuzisoma. Mchezaji anapoingia, faili hizo hushuka kwenye mashine yake, kwa hiyo zihesabu kuwa ziko hadharani. Ukisikia mtu aliweka webuhuku ya Discord kwenye faili la klayenti, shtuka: webuhuku ni anwani ya kutuma ujumbe kwenye chumba chenu cha logi, yaani kumbukumbu za matukio ya seva, na yeyote aliyedampu anaweza kukijaza uchafu chumba hicho mpaka asubuhi. Eskro ni ulinzi wa Cfx.re unaofunga faili za risosi iliyouzwa, ili aliyenunua aitumie bila kuusoma msimbo uliofungwa. Na antichiti ni programu ya kunusa udanganyifu. Inasaidia, ila haichukui nafasi ya skripti salama, na hutoa kengele za uongo. Usimfungie mtu maisha kwa sababu antichiti imesema. Soma logi kwanza uone alifanya nini dakika tano kabla.

Fremuweki ni msingi ambao risosi zako zote zinasimama juu yake: inajua mhusika ni nini, kazi ni nini, pesa ni nini. Utakazozisikia zaidi ni ESX, QBCore na Qbox, ambayo ilichipuka kutoka QBCore. Wazee wa kazi watakutajia pia vRP. Risosi iliyoandikwa kwa ESX haitafanya kazi kwenye QBCore mpaka kuwe na daraja, yaani kipande cha msimbo kinachotafsiri maombi ya huku kwenda kule. Kwa hiyo mtu anapokuja na "nimepata skripti nzuri ya hospitali", swali la kwanza ni fremuweki gani, kabla ya bei na kabla ya picha.

Fremuweki huhifadhi mambo yake kwenye hifadhidata, na hapa kuna jambo ambalo wasimamizi wengi hulichanganya. Kwenye QBCore kila mhusika ana citizenid yake, na mchezaji mmoja anaweza kuwa na wahusika kadhaa. Kila mchezaji pia ana vitambulisho visivyohusiana na mhusika: license inayotokana na akaunti yake ya Rockstar, na mara nyingi namba ya Discord au Steam. Citizenid ni ya yule anayeishi ndani ya mji. License ni ya yule aliyekaa mbele ya kibodi. Unapotaka kumfungia mtu, unafunga license na ndugu zake. Unapotaka kumpeleka mtu jela ya mji kwa miezi sita ya mchezo, hiyo ni habari ya citizenid. Nimewahi kuona msimamizi akifuta mhusika wa mtu kama adhabu ya kutukana kwenye Discord. Aliyetukana ni mchezaji, aliyefutwa ni mhusika mwenye mke, deni na duka lililoajiri watu wengine watatu. Walioumia zaidi ni wale watatu.

Haki za wasimamizi zenyewe zinaendeshwa na mfumo wa ACE. Ace ni ruhusa, prinsipali ni anayepewa: mtu au kundi. Mistari ya add_ace na add_principal kwenye cfg ndiyo inayoamua nani anaweza kuandika amri gani. Msimpe kila msaidizi kundi lenye ruhusa zote. Anayejibu malalamiko anahitaji kuona, kusogea na kumtoa mtu, hahitaji kugawa pesa wala kuzima risosi.

OneSync ndiyo teknolojia iliyowezesha seva kubwa. Bila hiyo FiveM ilikuwa na kikomo cha wachezaji 32, na klayenti zenyewe ndizo zilizokuwa zikikubaliana gari liko wapi. Kwa OneSync seva inajua kila entiti, na entiti ni gari, mtu au kifaa chochote kilichopo ulimwenguni. Matokeo yake ya kila siku ni haya: klayenti yako haipewi habari za kila mtu, inapewa za walio karibu tu, takriban mita 400 kwa kawaida. Aliye mbali zaidi ya hapo, kwa kompyuta yako hayupo. Ndiyo maana skripti za zamani zilizozoea kumwuliza klayenti "wachezaji wote wako wapi" huleta majibu ya ajabu, na ndiyo maana mchezaji akisema "alitokea ghafla mbele yangu" kwenye mwendo wa kasi, anaweza kuwa anasema kweli bila mwenzake kudanganya. Utasikia pia baketi. Ni ulimwengu sambamba ndani ya seva moja: waliomo baketi tofauti hawaonani hata wakisimama mahali pamoja. Hutumika kwa vyumba vya kuchagua mhusika na kwa nyumba zinazotumia sehemu moja ya ndani kwa wapangaji wengi. Mchezaji akilalamika kwamba mji ni mtupu, hakuna gari wala mtu, huenda skripti ya nyumba imemwacha kwenye baketi ya zamani. Mrudishe sifuri, ambayo ndiyo ya kawaida, kabla hujamwambia asakinishe mchezo upya.

Zile milisekunde tatu ulizozisikia zinatoka kwenye resmoni. Fungua konsoli ya mchezo kwa F8, andika resmon 1, utaona kila risosi inatumia muda gani wa prosesa kwenye klayenti yako. Hesabu yake ni rahisi. Mchezo unaochora fremu 60 kwa sekunde una takriban milisekunde 16.7 za kukamilisha fremu moja, na ndani ya muda huo mchezo wenyewe unahitaji sehemu kubwa. Risosi moja inayokula tatu, huku mna risosi mia na zaidi, ni mgeni anayelala kitanda kizima. Sababu ya kawaida ni lupu, kipande cha msimbo kinachojirudia, ambacho kimeandikwa Wait(0): kinaamka kila fremu kuuliza "je, mchezaji yuko karibu na duka?" Anayejua kazi yake hukipumzisha nusu sekunde au zaidi mchezaji akiwa mbali, na kukiharakisha tu anapokaribia. Usihukumu risosi kwa kuitazama sekunde moja, maana ikifungua menyu ni kawaida ipande. Itazame ukiwa umesimama hufanyi kitu.

Hiyo ni ya klayenti. Seva nayo hukwama kivyake, na konsoli huandika mstari wenye neno hitch na idadi ya milisekunde. Kimoja kikitokea wakati seva inaamka, kiache. Vikija mfululizo kila dakika, mara nyingi kuna ombi zito la hifadhidata linalojirudia. Wachezaji wataviita vyote lagi. Kazi yako ni kuuliza: unakwama wewe peke yako, au wote mliosimama hapo? Mmoja, tazama klayenti yake. Wote, tazama seva.

Kustrimu, kwenye chumba chenu, si kurusha matangazo. Ni kuwapelekea wachezaji vitu vya kuonekana: magari, nguo, majengo, vilivyowekwa kwenye folda ya stream. Faili za .ytd ni picha za juu ya vitu, .ydr na .yft ni maumbo, .ymap ni mpangilio wa vitu kwenye ramani, .ybn ni ugumu wake, yaani kinachokuzuia kupita ukutani. Konsoli ikionya kwamba faili fulani limezidi ukubwa, msilipuuze. Gari moja lenye picha za ubora uliopitiliza linakula kumbukumbu ya kadi ya picha ya kila aliye karibu nalo, kisha barabara zinaanza kutoweka na watu wanaanguka chini ya ramani. Mwenye gari hulisifia, wengine hawajui kwa nini mji unayeyuka.

MLO ni jengo lenye ndani halisi, unaingia kwa mlango bila kuhamishwa kwenda mahali pengine. Kinyume chake ni sheli, chumba kilichofichwa mbali ambako mchezaji husafirishwa kimyakimya. MLO mbili hugongana zinapohariri faili moja la ramani: mtengenezaji wa kituo cha polisi na mtengenezaji wa jengo la jirani wote wamebadilisha .ymap ileile, seva inachukua moja, na nyingine inabaki na ukuta usioonekana au mlango hewani. Dawa yake si kuzipanga upya kwenye cfg mpaka zikubali. Mtu anayejua ramani aunganishe faili hizo, au mchague moja.

Mpaka wa pili ni wa watu, na huu ndio utakaokuchosha zaidi. IC ni yaliyo ndani ya mhusika, OOC ni yaliyo nje yake. Maneno mengi ya upande huu hayakuzaliwa na FiveM. Wachezaji wa DarkRP kwenye Garry's Mod na wa seva za SA-MP (za GTA: San Andreas) walikuwa wakiyatumia zamani, na amri ya /me ni ya kale zaidi, ilitumika kwenye vyumba vya maongezi vya IRC.

Metagemu ni kuvusha habari kutoka OOC kwenda IC. Umemwona mwizi kwenye matangazo ya moja kwa moja ya mwenzako, kisha askari wako "kwa bahati" akapita mtaa huohuo. Kumtambua mtu kwa jina linaloelea juu ya kichwa chake, ilhali wahusika wenu hawajawahi kukutana, ni metagemu pia, na wageni hulifanya bila nia mbaya. Waelekeze, usiwafungie. Pawagemu ni kumnyima mwenzako nafasi ya kujibu: "/me anavunja pingu na kumpiga askari mpaka anazimia." Kwa sentensi moja ameamua la kwake na la mwenzake.

Amri ya /me hueleza tendo ambalo mchezo hauwezi kulionyesha, na /do hueleza hali au huuliza. Wapo wasimamizi wanaozidharau /do. Mimi nazipenda kupita amri nyingine zote, kwa sababu zinasimama juu ya uaminifu. Askari anaandika: "/do Je, kuna damu kwenye mikono ya shati?" Mchezaji wa mtuhumiwa anajua jibu litamfikisha mhusika wake jela, na bado anatakiwa kujibu kweli: "/do Ipo, amejaribu kuiosha." Hakuna skripti inayomlazimisha. Seva ambayo watu hujibu /do kwa ukweli wakijua watapoteza ina wachezaji wa RP wa kweli, hata kama magari yake ni ya kawaida na MLO zake ni tatu tu.

RDM ni kuua bila sababu yoyote ya kihadithi, VDM ni kufanya hivyo kwa gari. Mtazamo wangu: sababu si lazima iwe nzuri, inatakiwa iwepo na iwe ya mhusika. NVL ni mhusika kutothamini uhai wake: bunduki tatu zimemwelekea naye anachomoa kisu. NLR inasema ukifa na kuzaliwa upya, hukumbuki kilichokuua wala hurudi palepale. PK na CK ndizo zinazoleta ugomvi. Kwenye seva nyingi PK ni kifo cha tukio: mhusika anaendelea kuishi, ila tukio lile na yaliyolizunguka yamefutika kichwani mwake. CK ni kifo cha moja kwa moja, mhusika hatarudi tena. Kila seva ina mipaka yake, basi soma kanuni zenu kabla ya kutamka lolote. CK isitolewe kwa hasira. Ninaowaheshimu wanataka iombwe kwa maandishi, hadithi iliyofikisha hapo ionekane, na msimamizi asiye na mhusika kwenye ugomvi huo ndiye aamue. Na isiwe adhabu ya OOC kamwe, kwa sababu ileile niliyokueleza kuhusu citizenid.

Hayo mengine ni mafupi. Feli RP ni kutenda jambo ambalo mhusika yeyote mwenye akili asingelitenda, na ni gunia ambalo watu hutupia chochote kisichowapendeza, kwa hiyo mwombe anayelalamika ataje tendo lenyewe. Waitilisti ni seva kuwa na orodha ya walioruhusiwa kuingia baada ya kuhojiwa au kujaza fomu. Noklipu ni msimamizi kupita hewani na kwenye kuta, na ukiitumia huku mhusika wako yuko ndani ya tukio umevuka mpaka wewe mwenyewe. Tiketi ni lalamiko lililofunguliwa rasmi. Lijibiwe pale pale kwenye tiketi, lisihamie kwenye ujumbe wa faragha, ili anayekuja zamu baada yako aone kilichosemwa.

Kuhusu fedha halisi, mwenye seva lazima ajue sera. Malipo ya seva za FiveM yanapitia Tebex, jukwaa la malipo ya mtandaoni. Rockstar imekataza kwa seva za RP kuuza masanduku ya bahati, kuuza sarafu za ndani ya mchezo, udhamini wa makampuni, na matumizi yoyote ya sarafu za kripto. Wenzako wakianza kuzungumzia "kuuza pesa za mji kidogo tu tulipie mashine", wakumbushe hilo mapema. Kinachowekwa rehani ni seva nzima.

Nimeacha kombati-logi mwisho kwa sababu ndiyo kesi utakayoletewa leo jioni. Maana yake ni kukata mchezo katikati ya tukio ili usikamatwe au usife. Mlalamikaji atakuja na video: mtuhumiwa alikuwa chini ya bunduki, mara akatoweka. Video haitoshi. Mchezaji anapotoka, seva hupewa sababu ya kutoka, na logi zenu zikiwa zimewekwa vizuri zinaihifadhi. Ikisema Exiting, alitoka mwenyewe. Ikianza na Game crashed, mchezo ulianguka. Ikisema muunganisho umepitwa na muda, mtandao ulikatika au mtu aliuchomoa, na logi peke yake haitakwambia ni kipi. Hapo angalia alirudi baada ya muda gani, na aliporudi alifanya nini. Aliyeanguka kweli mara nyingi hurudi ndani ya dakika chache na kufungua tiketi mwenyewe akiuliza tukio liendelee vipi. Angalia pia kama imemtokea mara nyingine, na kama mara hizo zote alikuwa anashindwa. Ukikuta ni mara ya kwanza, mrudishe alipokuwa, warudishe na wenzake, na tukio liendelee pale lilipokatika.